Kitanda cha chumba cha mgeni: mbao, chuma, boksi au cha kujengea?

Mwenye hoteli akipanga bajeti ya vyumba, mawazo yote huenda kwenye godoro, shuka na televisheni. Kitanda chenyewe, kile kinachobeba godoro, huchaguliwa kwa picha iliyotumwa WhatsApp. Mwaka haujaisha, mgeni anaandika mtandaoni kwamba chumba kilikuwa safi, chapati za asubuhi zilikuwa tamu, ila kitanda kimelia usiku kucha.

Hapa nalinganisha aina nne zilizozoeleka kwenye gesti, hoteli na loji za Tanzania na Kenya: kitanda cha mbao chenye chaga (vibao vya kukatisha vinavyobeba godoro), kitanda cha chuma, kitanda cha boksi kilichovishwa kitambaa, na kitanda cha kujengea kwa saruji. Kila kimoja nimekiona kikidumu, na kila kimoja nimekiona kikiishia stoo. Mara nyingi kilichoamua ni mahali kilipowekwa na fundi aliyekuwa karibu.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni mzigo. Kitanda cha nyumbani kinawajua watu wake. Cha hoteli kila usiku kina mtu mwingine: huyu anakaa ukingoni kuvaa viatu, yule anakitupia sanduku la kilo 23, watoto wanakifanya uwanja wa mpira. Watu wawili wa kilo 90, ukijumlisha godoro zito, wanazidi kilo 200, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa katikati. Kwa hiyo vinavyochoka mapema ni viwili: katikati ya kitanda, na pale mfumbati (ubao mrefu wa ubavuni) unapoungana na tendegu (mguu wa kitanda).

Cha pili ni ukimya. Kitanda cha gesti hakitakiwi kumtangazia mambo jirani wa chumba cha pili.

Cha tatu ni usafi. Mhudumu anafagiaje uvunguni? Kunguni wakiingia na begi la mgeni, watajificha wapi? Cha nne ni hewa ya mahali. Chumvi ya bahari ya Bagamoyo au Malindi, ukavu wa Dodoma na unyevu wa Bukoba havili kitanda kwa namna moja. Cha tano ni matengenezo: kikivunjika Ijumaa jioni na hoteli imejaa, nani anakitengeneza, na kwa kifaa gani?

Cha sita husahaulika, nacho ni chandarua. Kitanda kisichoruhusu chandarua kuchomekwa vizuri chini ya godoro kina kasoro kwa huku kwetu, hata kama kimeshushwa kutoka Dubai.

Kabla ya aina, kipimo

Mafundi wetu na maduka yetu ya magodoro wanazungumza kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Futi 6 ni sentimita 183. Mgeni wa sentimita 190 akilala hapo, miguu inaning'inia, au inagonga ubao wa miguuni kama kitanda kina ubao mrefu upande huo. Hoteli zinazopokea wageni wa Ulaya hufuata zaidi sentimita 160 kwa 200 au 180 kwa 200, na kwa vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, 90 kwa 200.

Ukichanganya vipimo hivi viwili katika jengo moja umejitafutia kazi ya kudumu. Shuka hazitaingiliana, godoro la chumba kimoja halitafaa chumba kingine, na fundi atakuja na mfumbati mfupi kwa sentimita 17. Chagua mfumo mmoja kwa hoteli nzima. Kama wageni wako wengi ni wa ndani na magodoro unanunua kiwanda cha karibu, futi 6 zinatosha, lakini uliza kama wanapokea oda ya futi 6 na nusu. Tofauti ya bei huwa ndogo ukilinganisha na malalamiko inayoyazuia.

Urefu wa kwenda juu nao upimwe pamoja na godoro. Sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro humwezesha mzee kukaa na kuinuka bila kuomba msaada. Mtu huagiza kitanda kirefu kwa sababu ni kizuri, kisha ananunua godoro la inchi 12, na mgeni mfupi anapanda kitandani kama anapanda daladala.

Kitanda cha mbao chenye chaga

*Uimara.* Kinategemea mbao, na mbao zinatofautiana sana. Mninga, mkongo, mvule na msaji ni mbao za kudumu. Msaji wa mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa na Kilombero una sifa ya kutopindapinda hewa ikibadilika, ndiyo maana mafundi wa pwani wanaupenda. Paini ya Mufindi ni nafuu na inapatikana kwa wingi, ila ni laini: skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa tundu linalegea, na bila dawa wadudu hawaikosi. Naiona inafaa kwa chaga, si kwa matendegu.

Hata mninga una mtego wake. Kiini chake cha kahawia kinavumilia, lakini ule ukanda mweupe wa nje ni chakula cha bungua. Fundi mwenye haraka huutumia sehemu zisizoonekana, ndani ya mfumbati au chini ya ubao wa mchagoni (upande wa kichwa), kisha anaupaka rangi ya kahawia. Baada ya muda unaona unga laini sakafuni kila asubuhi, na mhudumu anadhani ni vumbi. Mwombe fundi akuonyeshe mbao kabla ya kupaka chochote. Ukinunua mbao mwenyewe kwa Tanzania, hakikisha zina hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Mzigo ukikamatwa barabarani vyumba vyako vitangoja.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao mbichi iliyoundwa Dar es Salaam kisha ikapelekwa Dodoma husinyaa, viungo vinalegea, na kelele zinaanza hapo. Mbao ikaushwe kwanza, na kitanda kiwe na bolti zinazoweza kukazwa tena. Kitanda kilichopigiliwa misumari tu hakina cha kukazwa.

*Usingizi na kelele.* Hapa ndipo chaga zinapofanya kazi. Vitanda vingi vinavyouzwa kando ya barabara huja na chaga 8 za inchi 3. Piga hesabu: kwenye kitanda cha futi 6 zinafunika inchi 24 tu kati ya 72, na pengo kati ya chaga na chaga linakaribia inchi 7. Godoro la sponji linazama kwenye mapengo hayo, linapoteza umbo, na mwenye hoteli analaumu kiwanda cha magodoro. Chaga 13 za upana huohuo huacha mapengo ya kama inchi 2 na robo tatu, sawa na sentimita 7, na watengenezaji wengi wa magodoro hawataki pengo lizidi hapo sana. Gharama ya chaga 5 za ziada haifikii hata robo ya bei ya godoro.

Kitanda cha futi 5 na kuendelea kinahitaji pia boriti ya katikati inayotoka kichwani hadi miguuni, nayo iwe na tendegu lake la tano linalogusa sakafu. Bila hilo, chaga zinapinda na wageni wawili wanajikuta wameviringika kuelekeana, wawe wamepanga hivyo au la. Kelele nyingi za kitanda cha mbao hutoka pale chaga inapokaa juu ya kipande cha ubao kilichopigwa ndani ya mfumbati. Geuza mfumbati uangalie: kipande hicho kiwe kimegundishwa na kutiwa skrubu kila baada ya sentimita 20 hivi. Vipande vyembamba vya raba chini ya ncha za chaga humaliza kelele iliyobaki.

*Usafi na wadudu.* Uvungu wazi wa sentimita 25 unapitisha ufagio na jicho. Kunguni hupenda nyufa, matundu ya skrubu na nyuma ya ubao wa mchagoni, basi nakshi nyingi ni makazi mengi. Samadari na vitanda vya nguzo nne vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vinapendeza sana, na nguzo zake zinabeba chandarua kuliko kitanda kingine chochote, ila mhudumu anatumia brashi badala ya kitambaa, na muda wa chumba unaongezeka.

*Matengenezo.* Hapa mbao haina mpinzani. Kila mji una seremala, na chaga iliyovunjika inabadilishwa mgeni akiwa anakula chakula cha jioni.

*Kinamfaa* mwenye hoteli ya ukubwa wowote ambaye ana fundi wa kuaminika na uvumilivu wa kusubiri mbao zikauke. Anayetaka vitanda 40 kwa wiki tatu atapewa mbao mbichi, hilo ajue.

Kitanda cha chuma

*Uimara.* Bomba za mraba zenye ukuta wa milimita 1.5 au 2 hubeba mzigo wa hoteli bila wasiwasi. Bomba nyembamba kuliko hapo hupinda kwenye mfumbati, na chuma kikishapinda hakirudi vizuri. Adui mkubwa ni kutu. Bara, kitanda cha chuma kilichopakwa vizuri kinaweza kuzeeka na jengo. Ufukweni, chumvi huanza kula pale fundi alipochomelea, kwa sababu moto umeunguza kinga na rangi ya brashi haikuingia vizuri kwenye kona. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri hudumu zaidi, lakini ikikwaruzwa hadi chuma kionekane, kutu inatambaa chini yake.

*Usingizi na kelele.* Wavu wa waya, ule wa mabweni na wodi za zamani, uachwe huko. Unalegea katikati na mgongo wa mgeni utakumbuka. Fremu ya chuma yenye chaga za mbao ni mchanganyiko mzuri: chuma kinabeba, mbao inapokea godoro bila kulikata. Penye bolti weka washa za raba au plastiki, maana chuma kwa chuma kinalia. Miguu nayo ivishwe vifuniko, la sivyo kila mhudumu anapotandika anachora vigae.

*Usafi na wadudu.* Mchwa na bungua hawana habari nacho, na kitambaa chenye sabuni kinatosha. Kunguni wana maficho machache, ila wataingia ndani ya bomba lililoachwa wazi mwishoni. Kila ncha izibwe.

*Matengenezo.* Mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa. Tatizo ni kwamba kuchomelea hakufanyiki chumbani. Kitanda kinatolewa nje, na kikirudi kinahitaji rangi. Kilichofungwa kwa bolti kina nafuu kubwa kuliko kilichochomelewa kizima kama geti.

*Kinamfaa* mwenye gesti za mjini zenye wageni wengi na faida ndogo kwa chumba, hosteli, na loji za bara zenye mchwa mkali. Wageni wa hadhi ya juu hukiona cha kawaida, isipokuwa kimesanifiwa kwa makusudi.

Kitanda cha boksi

Hiki ni sanduku la mbao lililovishwa kitambaa au leza (ngozi ya bandia), godoro likalazwa juu. Ndicho utakachokikuta kwenye hoteli nyingi kubwa za kibiashara Nairobi na Dar es Salaam.

*Uimara.* Swali ni lililo ndani ya kitambaa. Kikiwa na fremu ya mbao kavu na plaiwudi, ni imara. Kikiwa cha chipubodi au MDF (mbao za chembechembe na unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), maji ndiyo mwisho wake. Mhudumu anapiga deki kila siku, maji yanagusa ukingo wa chini, ubao unavimba kama mkate na skrubu zinang'oka. Toboa au fungua kile kitambaa chepesi cha chini uone kabla ya kulipa. Muuzaji mkweli hatakasirika. Na kisimame juu ya miguu ya angalau sentimita 10, kisikalie sakafu.

*Usingizi na kelele.* Nakipa alama nzuri kabisa. Godoro linapata msaada kila mahali, halizami kwenye mapengo, na hakuna chaga za kulia. Chenye springi ndani huongeza ulaini, lakini pia huongeza kitu cha kuharibika. Faida yake nyingine kubwa ni biashara: maboksi mawili ya sentimita 90 kwa 200 yakifungwa pamoja kwa vibana vyake yanakuwa kitanda cha 180 kwa 200. Leo chumba kimechukuliwa na maharusi, kesho na wafanyakazi wawili wa semina. Vibana visipokuwepo, maboksi yanaachana usiku na mmoja anajikuta kwenye bonde.

*Usafi na wadudu.* Hapa kinapoteza. Kitambaa kinakunywa jasho, vumbi, chai na kila kinachomwagika. Leza inafutika lakini kwenye joto la pwani, ile ya bei rahisi huanza kupukutika. Kunguni wakishaingia nyuma ya mshono au chini ya kile kitambaa cha chini, dawa ya kupuliza juu juu haiwafikii. Mvuke wa moto husaidia, kwani kunguni na mayai yao hufa joto likifika nyuzi 50 na kukaa humo kwa muda wa kutosha, ila itabidi kuufikisha hadi ndani. Kifuniko cha kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa hupunguza nusu ya matatizo haya.

Chandarua nacho kinasumbua. Boksi halina nguzo, hivyo litategemea fremu ya dari au ya ukutani, na godoro zito likiwa juu yake, mhudumu lazima aliinue kila jioni kuchomeka.

*Matengenezo.* Fundi wa makochi anaweza kukivisha upya, na ubao wa mchagoni ukifungwa ukutani badala ya kufungwa kwenye boksi, hautikisiki wala hauchubui rangi. Kupandisha ni habari nyingine. Ngazi nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe hazipitishi boksi zima la futi 6. Agiza la vipande viwili au usiagize.

*Kinamfaa* mwenye hoteli ya mjini yenye kiyoyozi, lifti, wahudumu waliofundishwa na utaratibu wa kukagua kunguni.

Kitanda cha kujengea

Hoteli ndogo za ufukweni, hasa Unguja na Lamu, hujenga kitanda pamoja na chumba: jukwaa la mawe au matofali, likapigwa plasta ya saruji au chokaa, mara nyingine na baraza na vishubaka ndani ya ukuta huohuo.

*Uimara.* Hakuna cha kuvunjika. Chumvi, mchwa na watoto vyote vimeshindwa.

*Usingizi na kelele.* Hakiwezi kulia hata ukitaka. Lakini godoro likilazwa moja kwa moja juu ya saruji halipumui. Jasho na unyevu wa pwani hukusanyika chini, na ukiinua godoro unakuta ukungu mweusi. Dawa ni kuweka chaga juu ya mbao za sentimita 4 au 5 ili hewa ipite, na kuacha matundu ubavuni mwa jukwaa. Wajenzi wengi huliruka hili kwa sababu halionekani kwenye picha.

*Usafi na wadudu.* Hakuna uvungu, hakuna vumbi la uvunguni, hakuna soksi iliyosahaulika. Plasta iliyopasuka izibwe mapema. Ukingo wa jukwaa unaozidi godoro hupokea chandarua vizuri, ila ukizidi sana unachubua ugoko wa mgeni anayeamka usiku kwenda msalani. Sentimita chache zinatosha, na kona ziwe za mviringo.

*Matengenezo.* Madogo, mpaka siku utakapotaka kubadilisha mpangilio. Hapo ni nyundo, vumbi na chumba kufungwa. Vitanda viwili havigeuki kuwa kimoja, na kipimo ulichojenga leo ndicho utakachonunulia magodoro miaka yote.

*Kinamfaa* anayejenga upya kwenye ardhi yake, chumba cha chini, akiwa na hakika ya aina ya wageni wake. Kwa ghorofani muulize mhandisi kwanza, na kwa jengo la kupanga kisahau.

Kwa hali yako

Gesti ya karibu na stendi, wageni wanaingia saa nane usiku na kuondoka alfajiri: fremu ya chuma ya bolti na chaga 13 za paini iliyotiwa dawa. Weka chaga za akiba stoo.

Hoteli ya semina na mikutano, Dodoma au Nairobi: boksi za 90 kwa 200 zinazoungana, zenye miguu na kifuniko cha kufua. Kama bajeti haifiki plaiwudi, nenda mbao za kawaida kuliko kununua MDF.

Ufukweni, jengo lililopo tayari: msaji au mkongo, na bolti zisizoshika kutu. Bolti za kawaida ndizo zitakazokuangusha, si mbao. Ufukweni na bado uko kwenye ramani: fikiria cha kujengea kwa vyumba vya watu wawili, na uache vyumba vichache vyenye vitanda vya kuhamishika kwa ajili ya familia.

Nyumba ya zamani Mji Mkongwe: kitanda cha nguzo nne kinachofunguka vipande vipande, nakshi ziwe kichwani tu.

Loji ya mahema mbugani, ambako kila kitu hupandishwa kwenye lori msimu ukiisha: mbao au chuma, vyote vya bolti za saizi moja, ili spana moja ifungue kambi nzima.

Na anayeagiza vitanda vya vyumba vingi kwa mkupuo mmoja atengenezewe kwanza kimoja tu. Kiingie chumba kinachouzika zaidi, kikae miezi miwili au mitatu, mhudumu anayekitandika aulizwe kabla ya meneja, kisha kigeuzwe juu chini na kukaguliwa viungo. Malipo ya awali ya oda nzima yafuate baada ya hapo, na mkataba utaje idadi ya chaga, unene wake na aina ya mbao kwa maandishi.